Mwanao yuko kwenye mtoano, vyuo vinamtazama: ya kushika nyumbani

Ijumaa ya kwanza ya mtoano nilikaa kwenye jukwaa la chuma kaskazini mwa Texas, kanga nimejitanda juu ya koti, miguu siisikii kwa baridi. Mwanangu, namba 74, alikuwa pale chini akisukumana na watoto wa watu. Kwenye kona ya uwanja, kando ya uzio, alisimama mwanamume mwenye jaketi la chuo kilichokuwa kikimwandikia mwanangu tangu mwaka uliotangulia. Mechi ilipokwisha nikashuka ngazi mbili mbili nimwahi. Nikamsalimia, nikamwambia mimi ndiye mama wa 74. Akatabasamu, akasema habari ya jioni, mechi nzuri, akageuka na kutokomea kama mtu anayemkwepa mdai wake.

Nilirudi nyumbani nimevimba. Mtu anamtaka mwanangu halafu mimi ananikimbia? Jumatatu kocha wa shule alicheka kidogo, kisha akanieleza. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vingi vya Marekani, kimeugawa mwaka wa kocha wa chuo katika vipindi. Kuna kipindi cha kutazama, ambapo anaruhusiwa kuja shuleni na uwanjani akaandika anayoyaona, ila haruhusiwi kukaa na mchezaji wala mzazi wakazungumza nje ya chuo chake. Kuna kipindi cha kukutana, na hapo ndipo anapobisha hodi nyumbani kwako. Kuna kipindi cha kuonana chuoni kwake tu. Na kuna kile ambacho hakuna kuonana uso kwa uso popote, ingawa simu na ujumbe vinaendelea. Novemba mtoano unapopamba moto, kwa sehemu kubwa ni kipindi cha kutazama. Hata katika kipindi cha kukutana, siku ya mechi kocha haruhusiwi kumsogelea mchezaji mpaka mechi iishe na kocha wake amruhusu kuondoka. Kwa hiyo ukiona jaketi la chuo kando ya uzio, punga mkono, nenda kanunue chai. Salamu inatosha.

Naandika kwa ajili ya mzazi wa Tanga, Mombasa, Uvira au Bujumbura aliyejikuta Fort Worth, Des Moines au Minneapolis na mtoto aliyejaa mlango mzima, ambaye siku moja alirudi na kofia ngumu akasema, "Mama, nimeingia timu ya football," na wewe ukadhani ni kandanda, kumbe ni futiboli ya Marekani. Miaka imepita, kijana yuko darasa la 12, timu imeingia kwenye mtoano wa jimbo, simu yake inalia ujumbe wa makocha, na nyumbani hakuna anayejua lipi ni zito na lipi ni kelele.

Lililo zito ni hili. Mtoano haumpi kijana skolashipu. Ofa aliyonayo aliipata kwa video za mwaka jana, kwa kambi za kiangazi, kwa urefu na uzito wake, na kwa ripoti ya shule. Kitu ambacho wiki hizi za mtoano zinaweza kufanya kwa wepesi ni kumpokonya: alama ya chini ya somo moja, kichwa kilichogongwa na kufichwa, saini iliyowekwa kwa haraka, maneno ya hovyo mtandaoni saa sita usiku baada ya kufungwa. Kazi yako mzazi ni kulinda. Wapo wachache ambao mtoano huwafungulia mlango, na nitawafikia, lakini hata wao mlango huo haufunguki kama makaratasi hayako sawa.

Kwanza ijue kalenda, kwa sababu siku hizi inagongana vibaya. Texas, timu ya shule kubwa hucheza mechi 10 za msimu, kisha mtoano wa raundi 6. Anayefika fainali amecheza mechi 16, na fainali yenyewe huchezwa Desemba kwenye AT&T Stadium kule Arlington, uwanja wa Dallas Cowboys. Iowa hukutana UNI-Dome kule Cedar Falls, Minnesota huchezea U.S. Bank Stadium ya Minneapolis, na majimbo hayo mawili ya baridi huwa yamemaliza kabla Desemba haijaingia. Sasa weka kando yake siku ya kusaini na chuo. Kuanzia 2017 vyuo vilifungua dirisha la mapema la kusaini katikati ya Desemba, na 2024 likasogezwa hadi Jumatano ya kwanza ya Desemba. Matokeo yake kijana wa Texas ambaye timu yake bado iko hai anasaini Jumatano asubuhi mbele ya kamera kwenye ukumbi wa shule, na Ijumaa usiku anaingia robo fainali. Juu ya hapo, wiki hiyohiyo ndiyo vyuo vinafukuza makocha, kwa sababu msimu wao wa kawaida unakwisha wikiendi ya Thanksgiving. Nimeona nyumba ambayo kocha aliyekuwa akiitembelea alifutwa kazi Jumapili na kijana alitakiwa kusaini Jumatano.

Kwa hiyo mambo yote ya makaratasi yamalizeni Oktoba. Nasema Oktoba kwa makusudi. Novemba hamtakuwa na akili hiyo.

Anza na alama. Texas ina sheria ya mwaka 1984 ambayo kila mtu anaiita, kwa tafsiri yangu, "hufaulu, huchezi". Mwanafunzi akipata chini ya 70 katika somo kwenye kipindi cha ripoti, anasimamishwa kucheza kwa wiki 3 zisizopungua. Katika msimu wa kawaida wiki 3 ni adhabu. Katika mtoano wiki 3 ni kwaheri, maana timu ikifungwa mara moja tu msimu umekwisha. Usingoje ripoti ifike kwenye sanduku la barua. Shule nyingi zina tovuti ya wazazi inayoonyesha alama kila siku. Omba nywila yako mwenyewe ofisini, usitumie ya mtoto, kwa sababu ukitumia yake utaona anachotaka uone. Ukishindwa na Kiingereza cha ofisini, una haki ya kuomba mkalimani. Shule zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, Kiswahili kikiwemo.

Mimi nilikuwa na desturi ya Jumapili. Baada ya chakula mwanangu analeta simu mezani, tunafungua ukurasa wa alama, naye ananisomea somo moja moja kwa sauti. Hakuna ugomvi. Kijana wa kilo 130 anayeona haya kusoma "kemia, 68" mbele ya mama yake na dada zake wawili ataitafuta kemia mwenyewe Jumatatu. Na ikitokea 68, anayeandikiwa barua pepe usiku huohuo ni mwalimu wa kemia. Kocha ataambiwa baadaye.

Hiyo ni sheria ya jimbo. Ya vyuo ni nyingine, na ndiyo inayowaumiza watoto wetu zaidi. Ili acheze Divisheni ya Kwanza, daraja la juu la NCAA, mwaka wake wa kwanza chuoni, NCAA inataka masomo ya msingi 16 ya sekondari, yakiwemo Kiingereza miaka 4 na hisabati miaka 3 kuanzia aljebra ya kwanza, na wastani wa 2.3 kwenye masomo hayo peke yake. Divisheni ya Pili wanataka 2.2. Mitihani ya SAT na ACT haidaiwi tena na NCAA tangu 2023, japo chuo chenyewe kinaweza kuitaka. Kati ya yale 16, masomo 10 lazima yawe yamekamilika kabla mwaka wa nne wa sekondari haujaanza, na 7 kati ya hayo 10 yawe ya Kiingereza, hisabati au sayansi. Maana yake Novemba ya darasa la 12 sehemu hiyo imeshafungwa. Aliyenayo anayo. Mwenye mtoto wa darasa la 9 au la 10 anayesoma hapa, chukua kalamu.

Tena si kila somo linahesabiwa. Kila sekondari ina orodha yake ya masomo yaliyokubaliwa na NCAA, na mtu yeyote anaweza kuiona kwenye tovuti ya Kituo cha Ustahiki cha NCAA. Watoto waliofika Marekani wakiwa wakubwa mara nyingi huwekwa kwenye madarasa mepesi ya kujifunzia Kiingereza au hisabati ya kujazia pengo. Ni msaada mzuri, lakini madarasa ya kurudia ya ngazi ya chini hayahesabiwi. Mtoto anaweza kuwa na alama nzuri, bendi ya shule ikampigia, magazeti yakamwandika, na bado akawa na masomo ya msingi 11. Kaa na mshauri wa masomo, orodha mezani, weka tiki somo kwa somo. Usikubali jibu la "atakuwa sawa".

Na kuna la makaratasi ya nyumbani. Aliyesoma kidato cha kwanza Kenya au Tanzania, au mwaka wa sekondari katika kambi ya Kakuma au Nyarugusu, NCAA inahesabu kuwa sekondari yake ilianzia huko. Watataka matokeo ya huko katika lugha yake ya asili, pamoja na tafsiri iliyothibitishwa kama hayako kwa Kiingereza. Divisheni ya Kwanza pia inahesabu muda: masomo ya msingi yakamilike ndani ya miaka minne tangu kuanza darasa la 9 au linalolingana nalo. Mtoto aliyerudishwa darasa alipofika anaweza kujikuta amepitiliza bila kujua. Familia zilizopoteza vyeti vitani au njiani zifungue jalada mapema na kueleza, maana mambo ya aina hiyo huchukua miezi, na barua ya shule ya Kigoma haiji kwa wiki moja. Kujiandikisha Kituo cha Ustahiki kuna ada, lakini mtoto anayestahili chakula cha bure shuleni anaweza kusamehewa. Mshauri wa masomo ndiye anayeshughulikia msamaha huo.

Sasa uwanjani.

Kwa kijana ambaye tayari ana ofa, mashauri ni mafupi: acheze mchezo wake na alale. Kwa yule ambaye bado, mtoano una thamani moja kubwa, nayo ni mpinzani. Mechi za msimu wa kawaida unaweza kucheza na shule dhaifu ukaonekana simba. Kocha wa chuo anajua. Lakini raundi ya tatu ya mtoano, mwanao anapokuwa ana kwa ana na kijana ambaye ameshapata ofa za vyuo vikubwa, mkanda wa mechi hiyo ni mali. Kama amemzuia yule kijana mara nyingi kuliko alivyopitwa, basi kocha ana kipimo. Hata akipitwa mara mbili tatu, aache zionekane. Makocha wengi wakishavutiwa na vipande huomba video ya mechi nzima, na wanachotafuta humo ni zile sekunde ambazo mhariri angekata: mchezo umekwenda upande wa pili, je, 74 anakimbia au anatembea?

Video nyingi za shule ziko kwenye Hudl, tovuti ya video za mechi. Vipande vya kutuma visizidi dakika 3 au 4, vya nguvu kabisa vije mwanzo, na kila kipande kiwe na mshale au duara kabla mpira haujaanza ili mtazamaji ajue amtazame nani. Hakuna muziki wenye matusi. Kocha anatazama makumi ya video kwa siku, na asipoona kitu katika sekunde 20 za kwanza amefunga. Vipande vya mtoano viwekwe mbele ya vile vya Septemba.

Ujumbe kwa kocha auandike kijana mwenyewe, si wewe, wala mjomba mwenye Kiingereza kizuri. Jina, mwaka wa kuhitimu, nafasi anayocheza, urefu na uzito wa kweli, wastani wa alama, kiungo cha video, namba ya kocha wa shule, na mwisho mstari mmoja: Ijumaa tunacheza na fulani, saa fulani, uwanja fulani. Urefu na uzito wa kweli, nasisitiza. Wana kanda ya kupimia.

Halafu amwandikie nani? Hapa ndipo nyumba nyingi zinapotea. Karibu vijana milioni 1 hucheza mchezo huu sekondari nchini Marekani. Takriban 7 kati ya 100 ndio wanaoendelea chuoni katika madaraja yote ya NCAA, na wanaofika Divisheni ya Kwanza hawazidi 3. Vyuo vile vya televisheni ni zaidi ya 130 tu, na tangu wachezaji waruhusiwe kuhama chuo kwa urahisi, vingi hupenda kuchukua mtu mzima wa miaka 21 aliyekwisha kucheza chuo kingine kuliko kijana wa sekondari. Lakini ngazi ya chini ya Divisheni ya Kwanza, Divisheni ya Pili, na vyuo vidogo vya NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, huendelea kutafuta wachezaji baada ya Desemba, hadi Jumatano ya kwanza ya Februari na kupita. Makocha wa vyuo hivi ndio utakaowaona kwenye mtoano wakiwa wamesimama peke yao na daftari. Kama mwanao hana ofa wiki ya mtoano, hao ndio wa kuandikiwa. Divisheni ya Tatu haitoi skolashipu ya michezo hata senti, lakini hutoa msaada kwa hali ya familia na kwa alama, na nimeona familia ikilipa kidogo huko kuliko ingelipa kwenye chuo kikubwa kilichompa mtoto nafasi bila fedha.

Vijana watakutajia Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka raga na kusajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kupitia futiboli ya chuo. Ni kweli, na ni mmoja. Mimi huwatajia Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda. Huyo alipita njia hiihii ya sekondari ya Indianapolis, kisha Boston College, na 2006 New York Giants wakamchukua raundi ya kwanza.

Kuhusu kichwa sitazunguka. Mwaka 2009 jimbo la Washington lilipitisha sheria ya kumtoa uwanjani mtoto anayeshukiwa kutikiswa ubongo na kutomrudisha mpaka mtaalamu wa afya aandike ruhusa, na hadi 2014 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya namna hiyo. Sheria ipo, ila mtoto anajua kuficha, na mtoano ndio msimu wa kuficha. Raundi ya pili mwanangu alirudi nyumbani akala kimya, akaomba taa ya jikoni izimwe. "Imenichosha macho tu, mama." Nikamwuliza matokeo yalikuwaje robo ya tatu. Akanyamaza. Hakukumbuka. Usiku huo nilimpigia mtabibu wa timu, sikumpigia kocha, na mwanangu hakuzungumza nami siku mbili. Alikosa mechi moja. Chuo kilichompa ofa kilipopata habari, kocha wake alipiga simu kuuliza hali, hakuuliza lingine. Maswali ya kuuliza ni haya ya kawaida kabisa: mwanga unakuudhi? Umelala vipi? Nieleze ulivyocheza mwanzo hadi mwisho. Dalili zikiwapo, hakuna kucheza, na zikizidi, kama kutapika au kusinzia ovyo, ni hospitali usiku huohuo.

Jambo dogo la bima: mara nyingi bima ya mzazi ndiyo inayolipa kwanza, ya shule inafuata. Soma masharti kabla mtoto hajaumia.

Tukija kwenye ofa yenyewe, neno hili limechezewa sana. Kocha akisema kwa simu "tunakupa ofa", hiyo ni kauli. Kijana akijibu "nimekubali", nayo ni kauli. Hakuna upande uliofungwa. Ofa ya maandishi haiwezi kutolewa kabla ya Agosti 1 ya darasa la 12, na kinachofunga ni karatasi ya msaada wa masomo inayosainiwa kuanzia ile Jumatano ya kwanza ya Desemba. Barua ya kitaifa ambayo vijana wa zamani walisaini ilifutwa Oktoba 2024, kwa hiyo ushauri wa mjomba aliyepitia haya miaka 10 iliyopita usikilize kwa adabu, kisha uusahau. Ukishasaini karatasi mpya, vyuo vingine havitakiwi kuendelea kukuwinda.

Kuna mabadiliko mengine makubwa zaidi. Zamani chuo kikubwa kilikuwa na skolashipu 85 za futiboli, na kila moja ilikuwa kamili. Baada ya mahakama kuidhinisha makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA mwezi Juni 2025, vyuo vilivyoingia kwenye mpango huo vina kikomo cha wachezaji 105, na msaada unaweza kugawanywa. Kwa lugha ya nyumbani, neno "skolashipu" siku hizi laweza kuwa nusu. Kwa hiyo kocha akiwa sebuleni kwako, mkaribishe chai na mandazi, mshukuru kwa safari, halafu uliza bila aibu. Ni ya mwaka mmoja au minne? Inalipa karo, chumba, chakula na vitabu vyote, au asilimia ngapi? Akiumia na asicheze tena, inaendelea? Wewe ukiondoka, nani atasimamia neno lako? Kocha mzuri hachukii maswali haya, na wengi huyajibu kabla hujamaliza. Aliyeninunia mimi nilimtoa kwenye orodha jioni ileile. Na anayesema "aje tu kwanza ajiunge na timu, fedha tutaona mwakani" amekwambia kwamba fedha hakuna.

Sisi tumelelewa kumheshimu mgeni na kutomhoji mbele ya chakula. Jirani yangu wa Uvira alisaini kwa sababu aliona haya kuuliza, kocha amekula ugali wake wote na kusifu samaki. Mwaka wa pili akatumiwa ankara ya chumba.

Wakala anayeomba fedha ili "amtangaze" mwanao wakati wa mtoano, mwambie asante. Makocha wa vyuo hawahitaji wakala ili kuiona timu iliyo kwenye mtoano. Na anayetaka asilimia ya skolashipu anavunja kanuni za NCAA, na hatari inamwangukia mtoto. Fedha za kutangaza biashara nazo zina mtego wake: sheria za sekondari hutofautiana jimbo kwa jimbo, na kijana mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 amebanwa kufanya kazi, kwa hiyo asisaini chochote kabla ya kumwona mwanasheria wa uhamiaji. Mkurugenzi wa michezo wa shule aulizwe kwanza, hata kama ni fulana ya bure.

Ziara za vyuo: ile rasmi chuo hulipia usafiri, malazi na chakula, na kwenye futiboli ya Divisheni ya Kwanza kinaweza kugharamia wazazi pia. Zimeruhusiwa tangu Aprili ya darasa la 11. Zimalizeni kiangazi. Kumpakia kijana kwenye ndege Jumamosi alfajiri wakati Ijumaa usiku amecheza robo nne ni kumchosha kwa ajili ya picha za mtandaoni.

Chakula hakina siri. Mchezaji wa mstari wa mbele hula kama watu watatu, na wali, maharage, mayai, chapati na uji wa karanga vinamtosha bila unga wa protini wa madukani. Thanksgiving timu iliyo hai Texas hufanya mazoezi asubuhi, na wenyewe huona ni fahari kuwa uwanjani siku hiyo. Pika pilau mchana, si asubuhi. Na kama unafanya zamu za usiku ghalani au kiwanda cha nyama, badilishana zamu za Ijumaa na mwenzako tangu Oktoba, kwa sababu ratiba ya mtoano hutangazwa siku chache tu kabla, na uwanja unaweza kuwa mwendo wa saa tatu.

Timu yetu ilitolewa raundi ya nne, kwa pointi 3. Ndani ya gari sikusema kitu, na baba yake nilikuwa nimemwonya asiseme kitu. Redio ilizimwa. Mwanangu alilala usingizi wa mtu aliyekufa hadi Jumamosi saa tisa alasiri. Simu yake niliikuta juu ya friji, ameiweka huko mwenyewe usiku, nikaiacha. Jumapili akaketi mezani, akakata vipande 6 vya mechi ile, akavituma kwa makocha watatu na kuwashukuru kwa kuja. Jumatatu kocha wa shule alitaka vifaa virudi: kofia, pedi za mabega, jezi mbili. Jezi nyeupe ilikuwa na doa la damu kifuani. Niliiloweka kwenye maji baridi na chumvi usiku kucha, nikaifua kwa mkono, nikaipiga pasi namba ile 7 na ile 4 kwa upande wa ndani, kisha akaipeleka.